Ishara ya Kitambaa

Mdogo wake Mama Pasi aliingia bila hodi, akautupa mkono wa shati juu ya meza ya kupigia pasi. Mkono mtupu, wa bluu, umechanika begani kama uliotafunwa na mnyama asiye na njaa.

"Dada, huo ni wa shati," alisema. "Siku nyingine mumeo atakuletea na ule ulio ndani yake."

Mama Pasi aliinua pasi kwanza, maana shuka la watu haliungui kwa sababu ya ugomvi wa ndugu. Mtaa mzima ulimwita hivyo, Mama Pasi, kwa kuwa nguo za watu waliojiona wakubwa zilipita mikononi mwake zikiwa na mikunjo kama za watu wote. Aliisimamisha pasi, akamshika mdogo wake mkono, akaugeuza huku na huku. Ulikuwa mzima. Mkwaruzo mrefu, dawa nyekundu, basi.

"Imekuwaje?"

"Gogo limekwama. Mimi niko upande wa kupokea mbao, nimeinama. Nikaita, simamisha! Nikaita, shemeji, simamisha! Yeye anasukuma tu. Msumeno ukaninasa shati. Namshukuru Mungu kwa umaskini, dada. Lingekuwa shati jipya lisingechanika, tungeingia wote wawili."

"Labda hakusikia. Na kelele zile."

"Wee! Wa jengo la pili wamesikia. Mbwa wa mlinzi amesikia, akaja mbio. Asiyesikia ni yeye peke yake?" Alivuta kiti, hakukikalia. "Ananichukia. Tangu msimamizi aseme kuwa mimi ndiye nitakayerithi ule msumeno, nikimsalimu asubuhi ananipita kama nimegeuka mlango."

Jibu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wa Mama Pasi. Alilimeza, likashuka kama kidonge bila maji. Siri ya mtungi aijuaye kata, na katika nyumba ile kata ilikuwa yeye.

"Kaa basi unywe chai."

"Sinywi chai ya mtu anayetaka kunikata. Na hapa sikanyagi mpaka aniombe radhi. Jumatatu nitarudi kazini, kwa sababu wanangu hawali hasira. Lakini hapa, sikanyagi."

Akatoka. Mkono wa shati ukabaki juu ya shuka la mteja, vidole hauna, lakini ulionekana kama unaomba kitu.

*

Mumewe alirudi jioni akiwa na vumbi la mbao hadi kwenye kope. Kiwandani walimwita Bwana Msumeno, jina la heshima, maana hakuna aliyekuwa anasoma gogo kama yeye. Alinawa, akaketi kwenye kiti chake kinachoelekea mlango, akaweka macho yake usoni kwa mkewe. Hapo ndipo masikio yake yalipohamia siku hizi. Mkewe akitabasamu, naye alicheka. Mkewe akitazama mlango, naye aliita, "Karibu!"

Jioni hiyo upepo uligonga mlango, Mama Pasi akageuka.

"Karibu!" akaunguruma Bwana Msumeno.

Kuku wa jirani akaingia, akakaribishwa kwa heshima zote.

Siku nyingine wangecheka. Mama Pasi alimfukuza kuku, akafunga dirisha, akaja kusimama mbele ya mumewe ili mdomo wake uonekane vizuri. Aliushika ule mkono wa shati kama mtu aliyeshika samaki kwa mkia.

"Alikuita."

"Najua aliita. Nilipoona nguo inaruka ndipo nikasimamisha. Nikamtazama. Mdomo wake uko wazi kama pango, na mimi sipati kitu." Alisema hayo kwa sauti iliyotikisa vikombe.

"Sema polepole."

"Nasema polepole!" alifoka, na mtaa ukawa umeshaarifiwa kwamba anasema polepole.

"Mwambie mwenzio. Anadhani unamchukia."

"Nimwambie nini? Unamkumbuka yule mzee wa mashine ya randa? Alisema neno moja tu, siku hizi sisikii vizuri. Msimamizi akampa mkono, akampa na gunia la vumbi la mbao, kwaheri. Miaka yote ile, gunia la vumbi. Ukimwambia ndugu yako, atamwambia mkewe. Mkewe atamwambia Mama Redio. Mama Redio akishajua, hakuna haja ya kutangaza kanisani."

"Na mkono wake?"

Bwana Msumeno alitazama viganja vyake. "Nitaangalia zaidi."

"Utaangaliaje mtu aliye nyuma ya gogo?"

Hakujibu. Pengine hakuupata mdomo wake vizuri, pengine aliupata vizuri mno. Mtu asiyesikia ana mlango wa nyuma ambao sisi wengine hatuna. Kisha akasema, safari hii kwa sauti ndogo kweli, bila yeye mwenyewe kujua kuwa ni ndogo, "Ukisema, utakuwa umenivua nguo mimi ukamvisha ndugu yako."

Mama Pasi aliufua ule mkono wa shati, akaupiga pasi, akaukunja, akautia kwenye mkoba. Kwa nini, hakujua. Mtu asiyeweza kunyoosha jambo hunyoosha kitambaa.

*

Jumamosi ilikuwa Siku ya Ukimya. Kila mwaka usharika wao ulikwenda kwenye nyumba ya kanisa iliyo pembeni mwa mji, yenye bustani na mabenchi chini ya miti, ukakaa asubuhi nzima bila kusema, kila mtu na Mungu wake. Watu wengine waliiogopa. Bwana Msumeno aliipenda kuliko Krismasi. Siku hiyo hakuna aliyemwuliza kitu. Siku hiyo wote walikuwa kama yeye.

Ibada za kawaida zilikuwa kazi nyingine. Hapo mkewe aliketi mahali anapoonekana, nao walikuwa na ishara zao. Akigusa sikio, maana yake simama. Akishika kipini cha mkoba, maana yake cheka, mchungaji ametania. Akigusa kitambaa chake cha kichwani, maana yake sema Amina. Kwa kitambaa hicho Bwana Msumeno alikuwa amepata sifa ya kuwa mtu wa Amina za kutoka moyoni, ingawa mara moja Mama Pasi aliwashwa kichwa, na mumewe akaitikia Amina katikati ya tangazo la choo kilichoziba.

Mchungaji aliwakusanya, akawasomea habari ya nabii aliyemsikia Mungu katika sauti ndogo. Kisha akataja taratibu. Simu zote kwenye kapu. Kusalimiana hakuna. Akina mama upande wa mbele wa bustani, akina baba nyuma.

"Mtakaa kimya mpaka mzee wetu apige kengele," alisema. "Baada ya kengele tutakusanyika, tutakula mkate pamoja, na kila aliyesikia neno moyoni atatushirikisha."

Mzee wa kanisa aliinua kengele ili ionekane. Ilikuwa kengele ndogo ya mkono, yenye sauti ya upole, isimshtue mtu maombini. Mzee huyo ndiye aliyekuwa msimamizi wa kiwanda cha mbao. Jumatatu hadi Ijumaa alipuliza filimbi, siku za kanisa alishika kengele. Kupuliza au kutikisa, watu walikwenda alikotaka.

Mdogo wake Mama Pasi naye alikuwapo. Alivaa koti zito katika joto lile ili kuficha bendeji, akachagua benchi la mwisho na kumpa shemeji yake mgongo. Mgongo nao husema, na ule ulisema mengi siku ambayo kusema ilikuwa mwiko.

Mama Pasi alipata nafasi kando ya Mama Redio, mwenyekiti wa akina mama. Kwa mwanamke yule ukimya ulikuwa msalaba. Alivuta pumzi, akaitoa, akafungua mdomo, akakumbuka, akaufunga. Alimwona fulani amevaa viatu vipya, habari ikapanda mpaka shingoni na kukwama pale. Mama Pasi alimwonea huruma, kisha akainamisha kichwa, akaanza kazi iliyomleta.

Bwana, aliomba, ulinde mkono wa mdogo wangu.

Bwana, aliomba tena, uilinde kazi ya mume wangu.

Akarudia hivyo mara nyingi, kama mtu anayepiga pasi upande huu wa shati na kuligeuza upande wa pili. Jua likapanda. Chungu wakapita na mizigo yao bila kuomba mtu. Na katikati ya kurudia huko alijisikia anaona aibu. Alikuwa anamwambia Mungu alishike gogo huku na huku kwa wakati mmoja, ili yeye mwenyewe asiliguse. Aliingiza mkono mkobani, akaukuta mkono wa shati, umekunjwa vizuri, hauna mtu ndani. Akaushika. Hakusikia sauti yoyote, wala ndogo wala kubwa. Alisikia kitambaa tu.

Kengele ikalia.

*

Watu waliinuka taratibu, wakajinyoosha, wakaenda kukusanyika chini ya mti mkubwa ambako chai na mikate vilikuwa vimepangwa. Mama Redio alivuta pumzi ya mtu aliyeopolewa kisimani. Lakini kabla hajaanza, akina baba walisimama wote wakitazama upande mmoja.

Bwana Msumeno alikuwa bado ameketi kwenye benchi lake. Macho amefumba, viganja juu ya magoti, jua limemwangukia usoni, na uso wenyewe umetulia kama maji ya mtungini. Mzee wa kanisa alimsogelea, akapiga kengele mara ya pili, karibu kabisa. Hakutikisika hata kope.

Mzee alirudi nyuma, akavua kofia.

"Mwacheni," mchungaji alinong'ona, ameinua mkono. "Tumsubiri."

Wakasubiri. Chai ikaanza kupoa, hakuna aliyegusa mkate.

"Ameshikwa," Mama Redio alisema kwa pumzi tu.

"Na nani?" aliuliza mwenzake.

"Na Roho, mwenzangu. Ulitaka ashikwe na polisi?"

"Mtu wa ajabu sana huyu," msimamizi alimwambia mchungaji, na sauti yake ilikuwa na unyenyekevu ambao kiwandani haujawahi kusikika. "Hata kazini yuko hivyohivyo. Unaweza kumwita ukachoka, hageuki. Mimi nilidhani ni kiburi. Kumbe mtu yuko ndani, anaomba."

Mdogo wake Mama Pasi alicheka kwa pua. "Kwa hiyo hata Alhamisi alikuwa anaomba," alisema. "Na mimi ndiye nilikuwa sadaka."

"Shh!" watu wakamnyamazisha, naye akaona haya, akatazama chini. Mama Pasi alimwona: mtu aliyenusurika kukatwa akimwonea haya aliyekaribia kumkata.

Bwana Msumeno alifumbua macho. Jua lilikuwa limemchoma. Aliona usharika mzima umesimama mbele yake, umenyamaza, unamtazama kama watu wanavyotazama bibi harusi au maiti. Akaruka akasimama, akajipangusa suruali. Mchungaji alimfuata na kumshika mikono yote miwili. Alikuwa mchungaji mwema mwenye masharubu mazito, na masharubu yale, kwa mtu anayesikia kwa macho, yalikuwa pazia.

"Baba," mchungaji alisema, "umekaa na Bwana kuliko sisi sote. Tuambie. Umesikia nini?"

Macho ya Bwana Msumeno yalipita juu ya bega la mchungaji, yakatafuta, yakamkuta mkewe. Yakakaa kwenye kitambaa chake cha kichwani.

Kiganja cha Mama Pasi kilishaanza kupanda chenyewe, kwa mazoea. Mguso mmoja tu. Angegusa, mumewe angesema Amina, watu wangelia kwa furaha, na Jumatatu Bwana Msumeno angeingia kazini akiwa mtakatifu. Nani angemnong'onezea mtakatifu kwamba hasikii? Angeushika msumeno ule mpaka uzeeni. Na upande wa pili wa gogo mdogo wake angekuwa ameinama.

Aliushusha mkono wake. Akauingiza mkobani, akashika kile kilichokuwa mkobani.

Bwana Msumeno alisubiri. Ishara haikuja. Akabahatisha.

"Amina!" alisema.

"Amina!" usharika ukaitikia kwa shangwe.

"Amina kweli," mchungaji alitabasamu. "Lakini tuambie, baba. Amekuambia nini?"

"Amina, mchungaji."

Shangwe ikapungua. Mtu mmoja alikohoa.

"Ninauliza, Bwana amekuambia nini?"

"Amina," Bwana Msumeno alisema mara ya tatu, na jasho lilimtiririka kutoka kwenye nywele, na macho yake yalikuwa yanamwomba mkewe mbele ya watu wote kama mtoto aliyeachwa sokoni. Kijana mmoja wa kwaya akacheka. Msimamizi aliitazama kengele aliyoishika, akamtazama Bwana Msumeno, akaitazama tena kengele.

Mama Pasi alitoka kwa akina mama, akavuka. Watu wakampisha. Alisimama mbele ya mumewe mahali pale ambapo mdomo wake huonekana vizuri.

"Mume wangu," alisema. "Kengele imelia."

"Kengele?" Ilikuwa sauti ya mtu anayeongea na mwenzake ng'ambo ya mashine. Ndege wakaruka mtini.

"Imelia zamani. Imelia na mara ya pili, karibu na sikio lako. Watu wamekusubiri mpaka chai imepoa. Wanadhani Mungu alikuwa anazungumza na wewe."

Ukimya ulioingia hapo haukuhitaji taratibu za mchungaji. Bwana Msumeno alitazama mikono ya mkewe.

"Hukunipa ishara," alisema.

"Sikukupa."

Kisha akamgeukia mchungaji, na wazee, na kwaya, na msimamizi wake wa kazi.

"Sikusikia," alisema. "Mungu, kama amesema, sijui. Kengele sikuisikia. Msumeno wenyewe siku hizi nausikia kwa miguu."

*

Mdogo wake Mama Pasi alikuja kutoka nyuma ya watu. Akazunguka, akasimama mbele. Alivua koti, bendeji ikaonekana.

"Shemeji. Alhamisi nilikuita."

"Nilikuona mdomo," Bwana Msumeno alisema. "Nilichelewa kukuona."

"Ulijua husikii, na bado ukashika mashine, na mimi niko kule."

"Nilijua."

Hakutaja watoto, wala kodi, wala gunia la vumbi. Mdogo mtu alikuwa amejiandaa kwa visingizio, na vilipokosekana hakujua apige wapi. Akasema kitu kwa haraka huku ametazama pembeni.

"Amesemaje?" Bwana Msumeno alimwuliza mkewe.

Mama Pasi akalazimika kulirudia. Alilisema polepole, neno kwa neno, usoni kwa mumewe, watu wote wakisikiliza.

"Anasema angekufa. Na angekufa akidhani unamchukia."

Bwana Msumeno aliketi kwenye lile benchi lake.

Msimamizi alikohoa kikohozi cha ofisini. "Haya ni mambo ya kazini. Tutayazungumza Jumatatu."

"Yazungumzwe sasa," alisema Mama Redio, ambaye asubuhi nzima alikuwa amejaa mpaka kwenye mfuniko. "Si mchungaji amesema kila mtu aeleze alichosikia? Mimi nimesikia kwamba wageni walipokuja kukagua kiwanda, wafanyakazi walipewa vizibo vya masikio. Na wageni walipoondoka, vikakusanywa kwenye ndoo. Nani alishika ile ndoo, mzee wetu? Au Bwana hajakufunulia?"

Mzee wa kanisa aliivaa kofia yake tena, kisha akakumbuka yuko wapi, akaivua. Mchungaji alitazama huku, akatazama huku, akafanya jambo pekee alilokuwa na uhakika nalo. Akamega mkate.

Waliula kimya. Kabla ya kuondoka, Mama Pasi alimvuta mdogo wake pembeni, akafungua mkoba.

"Niletee shati," alisema.

*

Jumatatu Bwana Msumeno alipewa ufagio. Hakupewa gunia, kwa kuwa usharika mzima ulikuwa unaangalia, na Mama Redio alikuwa ameahidi kupita getini kumsalimu msimamizi. Lakini ufagio ni ufagio. Ujira wake ulipungua, na vijana aliowafundisha kushika mbao walimkanyagia vumbi alilokwisha kulikusanya. Vizibo vya masikio vilitolewa kwenye ndoo, vikagawiwa. Yeye naye alipewa. Alivitazama kiganjani, akamkabidhi shemeji yake, aliyekuwa sasa ameshika msumeno.

Nyumbani Mama Pasi alichukua nguo za nyumba nyingine mbili. Mumewe hakumwambia neno, zaidi ya lete na chukua. Mwishowe, siku moja jioni, akasema:

"Ulinivua nguo mbele ya kanisa."

Mama Pasi aliisimamisha pasi, akageuka ili aonekane.

"Nilikuvua," alisema. "Ilikuwa inaungua."

Bwana Msumeno alilitafuna jibu hilo siku nzima iliyofuata akifagia. Halikuwa tamu, lakini halikumkaba.

Jioni ya pili yake alikuwa kwenye kiti chake, macho usoni kwa mkewe kama kawaida. Nje mtu akapiga hodi. Mama Pasi alisikia. Aliijua sauti ile tangu ikiwa inalilia ziwa la mama yao. Lakini hakugeuka. Hakuinua hata nyusi. Aliendelea kunyoosha ukosi wa shati la mteja kama kiziwi wa kuzaliwa, na mlango ukapigwa hodi mara nyingine, na tena, kisha ukanyamaza.

Mdogo wake alisukuma mlango mwenyewe. Aliingia, akamwona dada yake hamwangalii, akaelewa. Akazunguka meza, akampita kuku wa jirani aliyejipenyeza naye, akaenda kusimama mbele ya kiti cha shemeji yake, akainua mkono.

Shati lilikuwa lilelile, limechakaa kifuani na mgongoni, ila mkono mmoja ulikuwa safi kuliko mwingine, umeshonwa begani kwa uzi uliokaribia rangi lakini haukuifikia. Bwana Msumeno aliutazama mkono ule kuanzia mshono, akashuka kiwiko, akashuka kifundo, akaufikia mwisho, kidole kwa kidole, jinsi alivyokuwa akitazama ubao kutafuta ufa.

Hakuona ufa.

"Karibu!" akasema, na kuku wa jirani akatoka nje mbio.